Chupa ya Mofini Chumbani kwa Mama Eunike

Uchovu wa Evaresta haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa umemwingia polepole, kama unyevu unavyopanda ukuta wa udongo msimu wa mvua, na asubuhi ile aliusikia mpaka kwenye magoti. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao, nje ya ukumbi ambamo kamati ya Baraza la wauguzi ilikuwa inasikiliza mashauri. Blauzi yake nyeupe aliipiga pasi ya mkaa, maana mtaani kwao Levolosi umeme ulikatika tangu jana yake, na kwenye kola palibaki alama ndogo ya majivu ambayo kila mara aliifunika kwa kidole.

Pembeni yake aliketi Pudensiana, shangazi wa mumewe, mwanamke mkongwe kutoka Olmotonyi, amejifunga kitenge juu ya sweta, miguuni soksi za sufu ndani ya raba. Mumewe, Elisaria, alibaki chini kwenye gari. Alisema hawezi kukaa akaangalia mke wake akiulizwa kama mwizi.

Na kweli, ndivyo ilivyokuwa. Humo ndani walikuwa wanataka kujua kama Evaresta anakunywa dawa za wagonjwa. Wakiona ndiyo, leseni inafutwa, na uuguzi alioufanya tangu usichana wake unaishia hapo.

Mambo yalianza hivi. Evaresta alikuwa muuguzi wa tiba shufaa, wale wanaokwenda nyumbani kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wakawapunguzia maumivu. Dawa yao kubwa ni mofini ya maji, ya kunywa, inayowekwa kwenye chupa ndogo ya plastiki. Muuguzi huichukua hospitali kwa jina la mgonjwa, na mgonjwa akifa, iliyobaki lazima irudi. Hiyo ni sheria, na Evaresta mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanafunzi.

Mkwewe, Mama Eunike, mama mzazi wa Elisaria, alipougua saratani, Evaresta ndiye aliyemhudumia. Alipanda Olmotonyi baada ya kazi, akamgeuza, akamwosha, akampa dawa yake kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamfuta mdomo. Chupa ya mwisho alimpelekea jioni moja, akaiweka dirishani nyuma ya pazia. Mama Eunike aliinywa mara moja tu. Alfajiri akatulia milele.

Sasa, ukoo wa akina Elisaria una mila yao. Mtu mzima akifa, chumba chake hufungwa siku ya mazishi, na hakitoki kitu humo, hata kitana, mpaka wana wote wakutane siku ya kufungua chumba. Mwenye ufunguo ni dada wa baba mwenye nyumba, naye hulala humohumo kukilinda. Basi ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kitenge cha shangazi Pudensiana. Wana wakamsubiri kitindamimba wao, Godbless, aliyekuwa mgodini Geita na ruhusa hajapewa.

Evaresta alimwendea shangazi kwa heshima zote, akamwambia kuna dawa ya serikali mle ndani, inatakiwa irudi. Shangazi akamjibu kwamba serikali haikumzaa wifi yake. Evaresta akaomba tena baada ya ibada ya Jumapili, akajibiwa kwa kupewa kikombe cha chai. Ungekuwa wewe, mke wa watu, umeolewa pale, ungevunja mlango?

Kazini, Sista Agnela, msimamizi wake, alimwuliza chupa iko wapi. Hapo ndipo Evaresta alipokosea. Aliona haya kusema kwamba yeye, muuguzi mzima mwenye diploma, amezuiwa na kitasa cha chumba cha marehemu. Akasema ataileta wiki ijayo. Wiki ilipofika akasema nyingine. Na kwa kuwa alikuwa ameuguza, akazika, akapika msibani bila kupumzika, akawa anasinzia mezani, macho mekundu, anaulizwa jambo analijibu baadaye. Wenzake wakaanza kunong'ona. Muuguzi wa mofini anayesinzia, na chupa haionekani. Nani angehitaji kufundishwa kuunganisha? Alipimwa mkojo, ukatoka safi, lakini ikasemwa kipimo kilichelewa. Akasimamishwa kazi.

Godbless alipofika na chumba kikafunguliwa, Evaresta alikimbilia dirishani kabla ya nguo na masufuria. Chupa ilikuwepo. Aliinyanyua, akaona imebaki robo.

Alisimama pale na chupa mkononi, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Kipindi chote cha msiba shangazi Pudensiana alitembea bila fimbo, yeye ambaye nyonga ilimtesa miaka. Alisinzia kanisani mpaka mchungaji akatania. Na kulikuwa na asubuhi moja alimvuta Evaresta kando, akamnong'oneza kwamba choo kimekuwa kigumu kama jiwe, afanyeje, naye akamshauri ale papai. Muuguzi wa tiba shufaa asijue mofini inavyofunga tumbo! Alijua, ila hakuwa amefikiria.

Usiku huo alimweleza Elisaria. Elisaria akamsihi asimtaje shangazi. Shangazi ndiye mkubwa wao aliyebaki. Ikisikika kwamba mlinzi wa chumba amekula vya chumbani, atakuwa wa kunyooshewa kidole katika kila harusi na kila kipaimara mpaka afe. Evaresta hakubishana. Kubishana nako kunataka nguvu.

Kamati ilipopata maelezo yake ya maandishi kuhusu mila na chumba, iliagiza aje na mwenye ufunguo. Ndiyo maana shangazi alikuwa pale benchini, akitafuna karanga mojamoja.

"Shangazi," Evaresta alisema kwa sauti ya chini, "watakuuliza kuhusu ile chupa."

"Wataniuliza kuhusu ufunguo, Mama Princess. Ufunguo ninao."

Alimwita kwa jina la binti yake, kama siku zote, akaendelea na karanga zake.

Waliitwa. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko watu. Mwenyekiti aliitwa Bi Rukaiya, mwanamke mwenye miwani na mtandio wa kijivu, asiyepandisha sauti. Alimpa shangazi shikamoo kabla ya kumwonyesha kiti, na shangazi akaitikia akamwuliza watoto hawajambo. Sista Agnela alitoa maelezo yake bila kumtazama Evaresta: ahadi za wiki ijayo, macho, kusinzia. Hakuongeza chumvi. Hilo liliuma zaidi, kwa sababu yote yalikuwa kweli.

Kisha chupa aliyoirudisha Evaresta ikawekwa mezani. Bi Rukaiya aliuliza iliyopungua imekwenda wapi.

Evaresta alifungua mdomo. Kichwani aliiona leseni yake, aliyoitia fremu ukutani nyumbani, juu ya televisheni. Akamwona shangazi, mikono imelala magotini kama ya mtoto shuleni. Akasema yeye hakuinywa, na kwamba hana zaidi la kusema.

"Sista, unaelewa jibu hilo linakupeleka wapi?" Bi Rukaiya aliuliza.

"Naelewa."

Mwenyekiti akaandika kidogo, akamgeukia mkongwe, akamwuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuingia chumba kile.

"Nani aingie? Nililala mimi tu, mlango nimeusukumia kiti."

"Na katika muda huo wote hakikutoka kitu?"

"Hakikutoka hata uzi," shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika. "Muulize Mungu. Ile dawa ya wifi niliinywea mlemle ndani. Mila inasema kisitoke kitu. Sikutoka nayo hata mlangoni."

Mtu mmoja mwishoni mwa meza alikohoa. Sista Agnela aliinua uso.

Bi Rukaiya alivua miwani. Aliuliza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, alikunywa kiasi gani, kwa nini, na alijisikiaje. Shangazi akaeleza yote bila kuficha: kifuniko kimoja usiku nyonga ikimtafuna, uchungu wake kama mwarobaini, usingizi mtamu, tumbo kufunga, papai. Aliishia kwa kuuliza kama na yeye anaweza kuandikiwa chupa yake, maana tangu ile ichukuliwe hajalala vizuri.

Evaresta alitazama chini. Hakujua kama analia au anacheka. Mabega yalitikisika, hakuwa na nguvu ya kuyazuia.

Walitolewa nje, wakarudishwa baada ya muda. Tuhuma ya kutumia dawa ilifutwa. Leseni haikufutwa. Lakini Bi Rukaiya hakumwachia hivihivi: alipewa onyo la maandishi kwa kuiacha dawa kali ndani ya nyumba yenye watu na kwa kuficha sababu, na kwa muda angefanya kazi bila kushika mofini.

"Ungemwambia msimamizi wako siku ya kwanza," Bi Rukaiya alisema. "Tungekuja sisi kumwomba mama huyu. Huyu angeweza kulala asiamke, na ungemzika na yeye. Umelifikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria, kila usiku tangu siku ya dirishani. Alijibu kwamba ndiyo, akashukuru.

Sista Agnela alimsubiri kwenye korido. Alitaka kusema kitu, akaishia kumnyoosha kola. Evaresta alimshika mkono, akauachia. Furaha aliyoitegemea haikuja. Lilikuja tu jambo linalofanana na kutua ndoo.

Kwenye ngazi shangazi alisimama, akashika reli. Pale ndani alikuwa mkavu kabisa, lakini sasa kidevu kilimtetemeka.

"Mama Princess, huko nyumbani utasemaje?"

Evaresta alimpitishia mkono kwapani, upande wa nyonga mbovu.

"Nitasema leseni ipo, shangazi. Jumatatu nakupeleka kwa daktari wa mifupa."

Wakashuka ngazi moja, wakapumzika, wakashuka nyingine.