Nusu Saa ya Akidi

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, Diwani Lindsay Kropp alirudisha kiti nyuma akasimama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Meya Maxine Tolhurst.

"Nje."

"Hatujapiga kura."

"Ndiyo maana naondoka."

Madiwani walikuwa watano tu kati ya tisa. Watatu walilazwa na mafua, na Rex Ebsary alikuwa mnadani, akiuza kondoo. Watano ndiyo akidi; wakibaki wanne, hakuna kikao. Hoja iliyokuwa mezani ni kubomoa daraja la waenda kwa miguu la mtoni, kazi ianze Jumatatu. Meya na wenzake wawili waliunga mkono. Lindsay na mwenzake mmoja walipinga. Kura ingepigwa, daraja lingekuwa limekwenda.

Katika miaka kumi na moja ya udiwani Lindsay hakuwahi kususia kikao. Waliosusia aliwaita waoga, tena usoni mwao. Lakini leo kwenye viti vya wananchi alikuwepo Merle Bagnall, na kando yake mumewe Vern katika kiti cha magurudumu. Mara tatu kwa wiki Merle humsukuma Vern juu ya daraja lile, kwenda kusafishwa damu hospitalini ng'ambo. Bila daraja ni kilomita sita pembeni mwa barabara kuu, malori ya ng'ombe yakiwapita kwa kasi. Alitaka dakika tatu za kuyasema hayo. Meya akamkatalia: jina lake lilifika ofisini saa sita na dakika kumi, na mwisho wa kujiandikisha ni saa sita kamili.

"Kanuni ni kanuni, Merle," alisema, wala hakumtazama.

Hapo ndipo Lindsay aliposimama.

Nyuma yake alimsikia karani akisoma: kikao kikikosa akidi, kisubiriwe nusu saa, kisha kiahirishwe hadi mwezi ujao. Akamsikia na Meya, simu sikioni: "Rex? Uko wapi? Kanyaga mafuta!"

Lindsay alisimama kwenye ngazi za nje, mikono mifukoni, upepo wa Julai ukimkata masikio. Kupitia mlango wa kioo aliiona saa ya ukutani. Dakika kumi. Kumi na tano. Merle alitoka akimsukuma Vern.

"Umekimbia?" Merle aliuliza.

"Nimekimbia."

"Hata wewe!"

"Akija Rex, mimi na kukimbia kwangu ni bure. Yule ni mtu wa Meya."

Merle akaelewa. Akabaki akiitazama barabara.

Dakika ya ishirini na tatu gari la Rex liliingia kwa vumbi, mbwa wawili nyuma. Rex alifungua mlango, akatoa mguu mmoja. Mkononi alishika pai ya nyama, bado imo kwenye mfuko wake.

"Haya, Kropp, umewasha moto gani tena?"

Lindsay alishuka ngazi. Angeweza kumzibia njia. Alitaka sana. "Ukiingia, mko watano. Mtabomoa daraja. Hawa wawili ndio wanaolipita." Akasogea pembeni, njia ikawa wazi. "Basi, ingia."

Rex alimtazama Vern. "Bado unaenda kwenye ile mashine, mzee?"

"Jumatatu, Jumatano, Ijumaa," alisema Vern. "Wewe kondoo wako wamenunuliwa?"

"Bei ya kutupa."

Mlango wa kioo ulifunguliwa. "Rex! Dakika nne!" Meya alipiga kelele.

Rex aliuangalia mguu wake ulio chini. Kisha akaurudisha ndani ya gari.

"Sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri, Maxine."

"Njoo uile humu ndani!"

"Si mmepiga marufuku chakula ukumbini? Mwaka jana ulinitoa kwa sababu ya biskuti."

Akachana mfuko taratibu, akapuliza pai, akang'ata. Mchuzi ulimwagika kidevuni; akaufuta kwa mkono wa shati, akang'ata tena. Meya alishuka ngazi mbili, akasimama. Lindsay aliikodolea macho saa ya ukutani.

Ndani, karani aligonga meza: nusu saa ilikuwa imekwisha.

"Mwezi ujao nitapiga kura ninavyotaka," Rex alisema, mdomo umejaa. "Msije mkanibusu."

"Mwezi mmoja tu?" Merle alimgeukia Lindsay.

"Mmoja. Na jina lako lipeleke kesho asubuhi."

"Nitalipeleka sasa hivi," alisema Merle. Akakigeuza kiti cha Vern, akaanza kukisukuma kuelekea dirisha la karani.