Kiti cha Mama Mkwe

Mimi nilishachagua. Pikipiki nyekundu, tangi limenona, mlio wa kuamsha mtaa mzima. Kilichobaki ni kulipa tu. Kosa langu lilikuwa moja: nilikwenda dukani na mama mkwe.

Ilibidi. Mke wangu alikuwa amehamishiwa kazi mbali, mwendo wa siku nzima, na ujauzito wetu wa kwanza ulikuwa umebakiza wiki tatu. Alishanionya kwenye simu, "Usipomleta mama kabla sijajifungua, na wewe usije." Sasa huyo mama akipanda basi hutapika hata kabla halijawashwa! Mimi nami ni fundi majokofu, kila siku nazunguka mji na sanduku la vifaa. Basi nikasema, pikipiki iwe moja, ya kazi na ya safari.

"Hebu panda nikuone, baba," mama mkwe akaniambia mbele ya ile nyekundu.

Nikapanda, nikajiona mfalme. Yeye akakitazama kiti cha nyuma, kifupi, kimebinuka.

"Na mimi nikae hapa? Si nitakulalia mgongoni?"

Lo! Hilo sikuliwaza. Miaka mitatu ya ndoa, mimi na mama mkwe tunasalimiana meza ikiwa katikati. Akiingia sebuleni nasimama, nikicheka anaangalia pembeni.

Muuzaji, maskini, akaanza kusifu nguvu za injini. Mama mkwe akamkata kauli. "Bwana, mimi sitafuti nguvu, natafuta nafasi." Akachukua mkoba wake mweusi, mpana kama mto wa kulalia, akawa anaupima kwenye kila pikipiki dukani: dereva hapa, mkoba hapa, yeye pale. Wateja wakaacha shughuli zao kututazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkoba ulienea kwenye moja tu. Ya kijivu, kiti kama benchi, keria ya chuma, mlio wa cherehani. Muuzaji akakiri shingo upande kwamba hiyo hainywi mafuta, vipuri vyake viko kila mahali, na aliyeinunua harudi kulalamika. Nikainunua huku nimenuna. Wenzangu kazini wakaibatiza Punda.

Jumamosi alfajiri tukaondoka, mkoba katikati, heshima imelindwa. Adhuhuri mvua ikatukuta kwenye mteremko, lami ikateleza kama sabuni. Lori mbele yetu likasimama ghafla. Nikashika breki, Punda akayumba, akatulia. Nikasogea kando ya barabara.

"Mama, turudi. Nikikuangusha nitamwambia nini mwanao?"

Mama mkwe alishuka, akaufunga mkoba kwenye keria kwa kamba, akavuta fundo kwa hasira. Kisha akapanda, akajisogeza mbele, akanikumbatia kiunoni kwa mikono miwili. Moyo wake ulikuwa unadunda mgongoni mwangu. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa.

"Endesha, mwanangu," akasema. "Heshima tutaikuta hukohuko."

Jioni mke wangu alitupokea mlangoni, tumbo bado liko mbele. Kutuona tumegandamana vile, alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mama mkwe akashuka, akaufungua mkoba wake kutoka kwenye keria, akaurudisha kwapani, akarudi nyuma hatua mbili, umbali wa meza kamili.

"Ahsante, baba," akaniambia, akaangalia pembeni.