Dada Mtu na Mkono wa Ukuta

Mdogo wake alikuwa golikipa wa timu ya wanawake, na mji mzima ulimwita Ukuta. Dada mtu hakupewa jina na yeyote. Sokoni aliitwa "dada yake Ukuta," ingawa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na ingawa kazi yake ya kupima wagonjwa kwa ultrasaundi ndiyo iliyomwezekea mama yao nyumba. Sebuleni kwa mama, picha za mdogo zilitapakaa kila pembe. Yake ilikuwa moja tu, ya harusi, na hata humo Ukuta alisimama mbele.

Basi Ukuta akaangukia mkono mazoezini. Eksirei ikaonyesha mifupa mizima, lakini kifundo cha mkono hakikuacha kuvimba, na kila alipodaka mpira kililia ndani kama kijiti kinachovunjika. Daktari akaagiza kano zipimwe. Mama akamleta mwenyewe kwa dada mtu.

"Mwangalie mwenzio vizuri," akasema hata kabla ya salamu. "Fainali ni Jumamosi."

Dada mtu akapaka jeli, akatelezesha kichwa cha mashine mgongoni mwa kifundo. Kwenye kioo ikatokea mifupa miwili midogo. Kati yake ulipaswa kupita utepe wa kano unaoifunga pamoja. Palikuwa na pengo jeusi.

"Kunja ngumi."

Pengo likapanuka.

Hatacheza! Wazo hilo lilimjia tamu, tamu kama sukari ya kuiba. Akajitilia shaka. Mwenye wivu huona anachokitaka. Akaupima mkono wa pili, ule usioumia: utepe ulipita bila kukatika. Akarudi kwenye mkono mbovu. Pengo lile lile.

"Kano imechanika," akasema. "Jumamosi huchezi. Huenda ukapasuliwa."

Ukuta akauvuta mkono kwa nguvu, jeli ikamrukia mama kwenye gauni. "Nilijua! Tangu utotoni unangoja nianguke."

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "usimwonee mwenzio wivu."

Lililomchoma ni kwamba walisema kweli.

"Namwonea, mama. Namwonea tangu alipoanza kutembea. Ndiyo maana sitaki neno langu peke yake liamue."

Mama akashika mdomo. Dada mtu akaenda kumwita mpimaji wa chumba cha pili, asiyejua nini kimeonekana. "Nitazamie kifundo hiki," akamwambia, akatoka, akafunga mlango.

Ukumbini alitaka kuomba Mungu, lakini hakujua aombe nini: mwenzake alione lile pengo, au asilione.

Mpimaji akatoka akijifuta mikono. "Imechanika, tena vibaya."

Ukuta akapasuliwa. Timu ikafungwa fainali, na mashabiki wakamlilia Ukuta wao kuliko walivyolilia kombe. Mama akahamia kwake kumwogesha na kumlisha. Dada mtu alipokwenda kumjulia hali, chumba kilikuwa kimejaa wageni, asipate hata pa kuketi. Roho ikamchemka upya. Hata kwa kuumwa ananishinda!

Wageni walipoondoka, Ukuta akajisogeza kitandani. "Keti hapa, dada. Nikuulize. Wivu wa nini?"

"Mama anakupenda wewe."

"Mama?" Ukuta akacheka mpaka mkono ukamuuma. "Kila nilipofeli mtihani niliambiwa, 'Mtazame dada yako.' Nilikimbilia mpira kwa sababu huko hukuwepo."

"Ina maana na wewe ulikuwa unanionea wivu?"

"Mpaka leo. Watu wananishangilia nikidaka mpira. Wewe unaona mpaka ndani ya nyama."

Dada mtu akainama, akijifanya anatengeneza shuka, asionekane alivyofurahi. Lakini hakujizuia.

"Hebu sema tena."

"Sisemi."