Uso wa Kutazamwa kutoka Chini

Bibi Aleida Roelink aliuzunguka uso wa jiwe niliouchonga kwa wiki kumi na moja, kisha akasema, "Paji kubwa kama mlango wa ghala. Na mbona kainama, kapoteza sindano?"

Uso huo ulikuwa wa mungu-mke wa mavuno, wa kukaa juu kabisa mbele ya nyumba ya bibi ukingoni mwa mto, hapa mjini Deventer. Yule wa zamani mvua ilishamla pua na masuke ya ngano. Mimi nilisomea uchongaji jioni, mchana nikilea mtoto, na fundi Wolter alinieleza wazi: bibi akiukubali uso huu, nina kazi ya kudumu katika karakana yake Wolter, akiukataa, kazi hiyo sina.

Nikamtazama Wolter anitetee. Yeye akawa anapuliza kahawa. Kwake, aliyechonga ndiye anayejibu.

"Na macho yamechimbwa mno," bibi akaendelea. "Mama yangu alikuwa akiwaonyesha wageni yule wa zamani. Huyo alikuwa mrembo."

"Aliwaonyesha wakiwa wapi, bibi?"

"Barabarani. Ulidhani wakipandishwa paani?"

"Basi na sisi tumtazame kutoka barabarani."

Mwanangu Geeske, wa miezi tisa, alikuwa kwenye blanketi kando ya meza ya kuchongea iliyobeba uso ule. Nikamsogeza, nikalala chali hapo hapo.

"Hapa, bibi."

"Nilale chini? Na koti hili?"

"Koti hilo limeshaona makubwa," Wolter akasema.

"Wewe kunywa kahawa yako."

Akalivua, akamtupia Wolter. Nikainuka, mimi na Wolter tukamshusha polepole, magoti yake yakilalamika. Geeske akaona mchezo umenoga, akamshika sikio. Bibi akamwacha alishike.

Nilijua anachokiona, maana nilikuwa nikilala pale kila siku kabla ya kugusa patasi. Kutoka chini, paji hupungua. Yale mashimo ya macho hushika kivuli, yakawa macho.

Bibi akainua kidole kuelekea macho yale.

"Ananitazama mimi," akasema.

"Ndiyo, bibi. Nilimwinamisha kwa ajili ya wanaopita."

Akatazama tena, kisha akageuza kichwa.

"Wolter, kabla ya baridi awe ameshapanda pale juu."

"Atapanda."

"Na huyu binti?"

"Jumatatu anaanza, saa moja asubuhi." Wolter akanigeukia. "Usichelewe."

Nikamnyooshea bibi mkono nimwinue.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mtoto ndiyo kwanza anasinzia hapa begani."