Naomba Nikusaidie, Mwalimu

Asger Vestergaard alikuja kufanya mazoezi ya ualimu shuleni kwetu Herning, Denmark, akiwa amepata alama ya juu kabisa katika somo la kufundisha watoto wa tamaduni mbalimbali. Nilimuuliza chuoni walijifunza nini hasa. Akasema walipika vyakula vya kila nchi na kubandika bendera ukutani. Nikajisemea moyoni, haya, tutaona. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumlea, na ulimi wangu haujawahi kusifiwa kwa utamu.

Darasa la nne walimpenda mara moja. Aliyemchangamsha zaidi ni Thulasi, binti wa Kitamili ambaye wazazi wake walitoka Sri Lanka. Mtoto wa kubisha yule! Asger akisema tembo hawezi kuruka, yeye anauliza umewajaribu wangapi. Asger alikuwa anatoka darasani amepauka kwa vumbi la chaki, anacheka peke yake, na mimi nilifurahi kumwona.

Ikafika siku ya wazazi. Baba, Sivanesan, na mama, Malar, walikaa na binti yao katikati, maana kwetu mtoto naye huwepo. Asger akamwaga sifa zote. Akasema Thulasi hamwogopi mwalimu, anambishia kila siku, anamwambia amekosea mbele ya wenzake. Kwetu Denmark mzazi akisikia hayo hutoka amejaa fahari, nami nilikaa pembeni nikitabasamu kama mjinga. Sivanesan aliinamisha kichwa. Malar alimtazama bintiye mara moja tu. Wakashukuru, wakaomba radhi, wakaondoka bila kugusa kahawa.

Kesho yake Thulasi alikuja amebanwa nywele, amekunja mikono juu ya meza. Akiulizwa, ndiyo mwalimu. Asiporidhika, ndiyo mwalimu. Wiki nzima ikapita hivyo. Bendera za chuoni hazikumsaidia Asger hapo. Aliniambia kwamba amemsifu mtoto mpaka amemziba mdomo, na kwamba asipomrudisha hafai kuwa mwalimu, hata Gudrun akimpasisha. Gudrun alikuwa mkaguzi kutoka chuoni, na alikuwa anakuja Ijumaa.

Nikamwambia aache kunililia mimi, aende kwa wazazi wenyewe. Alinikokota twende wote.

Nyumbani kwao Malar alitupakulia dosai, chapati zao nyembamba za mchele, mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Asger akaanza kumweleza Sivanesan jinsi sisi tunavyolea watoto: uhuru, hoja, kujiamini. Alieleza vizuri sana. Sivanesan alikubali kila neno kwa upole, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, na hapo nikaona uso wa Asger unabadilika. Alikuwa amelisikia jibu hilo wiki nzima. Akasukuma sahani pembeni, akaacha kufundisha.

“Baba Thulasi,” alisema, “naomba unifunze mimi. Mwalimu akikosea, mtoto wenu afanye nini?”

“Anyamaze. Mwalimu haaibishwi.”

“Na mwalimu mwenyewe akiomba msaada?”

Sivanesan alifikiri, akamtazama mkewe. Malar ndiye aliyejibu, kwamba kumnyima mwalimu msaada aliouomba ni utovu wa adabu mkubwa zaidi.

Asger akasimama, urefu wake wote ule, akamgeukia Thulasi. “Basi mimi nauomba.”

Sivanesan alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa pabaya. Akamwambia bintiye amsaidie mwalimu, ila anyooshe mkono kwanza na aanze na samahani. Thulasi alisema ndiyo baba, na hatukujua ndiyo hiyo ilikuwa ya aina gani. Njiani Asger alikanyaga baiskeli kwa kasi, upepo wa Jutland ukitupiga usoni, nami nyuma nikimtukana anisubiri.

Ijumaa Gudrun aliketi nyuma ya darasa na kalamu yake. Asger alisimama mbele na chaki. Akaandika ubaoni kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata sehemu mbili za tano. Hakuwa anatega mtego, alikosea kweli kwa woga, maskini, na watoto wakanakili. Gudrun akaandika kitu. Nikaona Thulasi ameacha kuandika. Mkono wake ulipanda hadi begani, ukashuka, ukapanda tena.

“Samahani, mwalimu. Naomba nikusaidie.”

Akaenda ubaoni. Akasema sehemu mbili za tano hazifiki nusu. “Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ukabaki na pungufu. Nani amekuibia?”

Darasa likalipuka. Asger alijipiga paji la uso, akacheka huku macho yamemjaa machozi, wala hakuyaficha.

Gudrun, mwanamke mkavu kama mkate wa juzi, akawauliza watoto kama basi leo mwalimu wao hakufundisha kitu. Mkono ulinyooka kabla hajamaliza.

“Samahani, naomba na wewe nikusaidie,” alisema Thulasi. “Alikuja nyumbani kuomba msaada. Asingekuja, ungeondoka na hesabu mbovu.”

Gudrun alicheka mpaka akavua miwani. Asger alipasi, nami niliona fahari kana kwamba nimemzaa. Lakini Thulasi alikuwa bado amesimama ubaoni, uso umemwiva.

“Mwalimu,” alisema, “na wiki iliyopita ulikosea mara mbili. Nilinyamaza tu.”

Asger akafuta ubao wote, akampa chaki.