Mdhamini wa Baba Omega

Neno mdhamini nalijua vizuri. Kwenye kikundi chetu cha vikoba hapa Mofu nimewadhamini wanawake watano, na mmoja alipokimbilia Malinyi, nililipa mimi. Kwa hiyo Fridolin asije kunifundisha.

Mwezi wa tatu mume wangu, Beatus, alikwenda mwenyewe Ifakara, kwenye nyumba ya mashine za dubwi, zile za kutumbukiza sarafu, akaomba apigwe marufuku. Nilimsindikiza. Fridolin, meneja, alipokea picha yake ya pasipoti, akaahidi kuibandika dirishani ili mwaka mzima asiruhusiwe kuingia. Gladness wa kaunta akanisogezea fomu. "Saini hapa chini mama, ni shahidi tu." Nilisaini kwa furaha. Mjinga mimi.

Juzi jirani yetu Silvano alikuja uani kuchukua pawatila yetu ya kulimia. Kumbe ilishauzwa, na Beatus hakuwa amelala nyumbani tangu Jumatano. Nikakimbilia sandukuni. Karatasi ya shamba haikuwemo. Asubuhi iliyofuata nilipanda pikipiki mpaka Ifakara, na sikwenda kusalimiana.

"Shikamoo, mama," Fridolin alisema.

"Baki nayo. Mume wangu ameingiaje humu?"

Akanyoosha kidole dirishani. Picha ilikuwepo, sura ya Beatus imepauka kwa jua. "Sisi tumebandika. Ulitaka tumfunge kamba?"

"Nilitaka mumfungie mlango! Fomu ya marufuku si mlitoa nyie?"

Akaitoa fomu, akasoma kwa sauti ili wateja wasikie. "Mdhamini atahakikisha mhusika anatimiza masharti, na atawajibika kwa hasara yote. Saini hii ya nani? Wa kumzuia ni wewe, mama. Kwa sheria, hasara ni yako."

Nikamgeukia Gladness. "Uliniambia nini siku ile?"

Hakuniangalia. "Ilikuwa fomu ya mikopo, mama. Tulibadilisha maneno ya juu tu."

Wote wawili niliwachukia, Gladness kidogo zaidi, kwa kuwa aliniita mama huku akinidanganya.

"Haya," nikasema. "Kama mdhamini ni mimi, nafanya kazi yangu."

Nikavua kandambili, nikakaa kizingitini, nikanyoosha miguu mpaka nyayo zikagusa mwimo wa pili. Kwetu hakuna anayeruka miguu ya mwanamke mtu mzima. Mtu ataomba njia, na asipopewa, atarudi alikotoka. Kijana wa kwanza alisema, "Samahani bimkubwa, naomba kupita." Nikamtazama tu. Akaondoka. Wa pili hakuomba hata njia. Mpaka saa tano nilikuwa nimewarudisha saba, na Fridolin alikuwa akifoka nyuma yangu kwamba ataita polisi.

"Waite. Waje waisome hiyo fomu yako."

Kusema kweli, nilianza kuona raha. Nilijiambia kwamba Beatus akifika ataona aibu, tutarudi wote Mofu, na nitamtukana njia nzima.

Akafika. Shati lilelile la Jumatano, na mfuko wa kifuani umetuna. Nilijua ni nini kilichomo, na nilijua shamba limekwenda.

"Mama Omega, pisha."

"Sipishi. Uliomba mwenyewe uzuiwe."

Akaiangalia picha yake dirishani. Akaiangalia miguu yangu. Nikadhani atalia kama alivyolia mwezi wa tatu.

Akaruka.

Sijapigwa na mume wangu hata siku moja, lakini pale nilijisikia nimepigwa mbele ya mji mzima. Nyuma yangu Fridolin alimpisha. Alimwona. Alimjua. Kisha nikasikia sarafu zikimiminwa kwenye sahani ya bati, na Gladness akisema, "Karibu Baba Omega, mashine yako haina mtu."

Nikaikunja miguu yangu, nao wengine wakapita.