Chupa ya Saa Saba

Saa saba mchana kengele ya chakula ililia kama kawaida, ila chakula hakikuwepo. Tangu mwanzo wa mwaka kiwanda kilikuwa kimefuta sahani ya wali na maharage, na badala yake kila mfanyakazi alipewa chupa moja ya kile wanachokitengeneza wenyewe: kinywaji cha mitishamba cha Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, chenye tangawizi, jira, shamari na giligilani, cha kusaidia tumbo kusaga chakula. Mama mmoja, mkorogaji wa pipa la tatu, aliinywa yake amesimama, msimamizi akimtazama, maana chupa ilikuwa lazima irudishwe tupu.

"Hii inawasha moto wa tumbo," msimamizi aliwaambia. "Chakula kinasagika chote."

"Chakula kipi, bosi?"

Watu wakaangua kicheko. Msimamizi naye akacheka, akachukua chupa yake.

Kinywaji chenyewe kilikuwa kizuri, tusikisingizie. Ila moto ukishawaka hauulizi kama kuna chungu juu yake. Wiki ya tatu mkorogaji alirudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda, na alipoinuka kigoda kilikuwa kimepungua vidole viwili. Hapakuwa na vumbi wala mchwa. Akacheua, akasikia ladha ya mbao na vanishi. Siku zilizofuata ikaenda pembe ya meza, kisha kitasa cha mlango, kisha shuka upande anaolalia yeye. Chochote kilichokaa karibu na tumbo lake kilisagika taratibu. Na kunenepa hakunenepa, wapi! Njaa ilibaki palepale, imekaa kitako kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi kwao.

Kazini haikuwa habari. Mfungaji maboksi alikuwa amefikia mkanda wa suruali wa nne, na fundi mitambo alivaa kipande cha bati chini ya shati.

Kilichomvunja mkorogaji si kigoda. Ni binti yake wa miaka miwili, aliyezoea kulala juu ya tumbo la mama. Asubuhi moja alikuta nywele za mtoto upande mmoja zimekwisha mpaka kwenye ngozi. Akakusanya vinguo vyake, akampeleka kwa jirani mshonaji, mlango wa pili.

"Nikae naye mpaka lini, dada?" mshonaji aliuliza.

"Mpaka nile."

"Haya. Ila ukija kumwona, shoga yangu, simama nje, dirishani. Cherehani hii ndiyo inanilisha."

Kesho yake akaenda kwa meneja, maana mshahara wake ulitosha uji wa mtoto tu. Akaomba sahani moja tu, hata ukoko, chochote cha kuupa ule moto kazi. Alilia mbele yake, wala hakuona haya. Meneja akasogeza makaratasi yake mbali kidogo, kwa adabu, akamwita daktari wa kampuni. Daktari alimbonyeza tumbo huku na huku, uso ukamchangamka.

"Miaka ishirini ya kazi, sijaona tumbo linalosaga hivi! Hakuna gesi, hakuna kiungulia."

Wakampiga picha ya kubandika kwenye chupa. Tangu siku hiyo akawa anapewa mbili. Kukataa ni kufukuzwa kazi, na bila kazi hata mtoto asingekula, kwa hiyo alizinywa zote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, lakini sura yake sasa waliijua, ilikuwa kwenye kila duka.

Jioni alisimama nje ya dirisha la mshonaji. Binti yake akapanda juu ya stuli, akapitisha mikono katikati ya nondo.

"Mama, beba."

"Nitakubeba, mama yangu. Nikishakula tu."

Akaegemea ukingo wa dirisha ili amshike vidole. Alipotazama chini, saruji ilikuwa imebonyea kwa upana wa kidole, na nondo mbili za katikati zilikuwa zimeanza kuwa nyembamba. Akarudi nyuma hatua moja. Mtoto akazidi kunyoosha mikono.

Akarudi nyingine.